Mikono ya Jumamosi

Kama kuna siku Salvina Kavishe alitamani ardhi ipasuke immeze, basi ni Jumamosi ile, katikati ya kihamba cha mama yake, shamba la migomba la nyumbani, pale Mkuu, Rombo, mbele ya wanawake wa ukoo mzima na mbele ya mwanaume aliyekuwa akimkosesha usingizi tangu Pasaka.

Kifaa chake kilikuwa kimegoma.

Kilikuwa kitu kidogo tu, kibanio cheupe cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ukikibana kwenye kidole kinamulika taa nyekundu ndani ya nyama, na baada ya muda mfupi kinakuandikia namba ya kukuambia damu yako imebeba hewa kiasi gani. Mtu mwenye nimonia namba yake hushuka kabla hata nduguze hawajajua kwamba hali ni mbaya. Salvina alikipa jina la Pumzi. Kwa ajili yake aliacha kazi ya mshahara ya kutengeneza mashine za hospitali, akapanga chumba kimoja nyuma ya stendi ya Moshi, akachekwa na wote aliosoma nao. Zahanati za milimani zilikuwa zinakisubiri. Kilichokosekana ni mwekezaji wa kumwezesha kuvitengeneza kwa wingi.

Na mwekezaji mwenyewe alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mapajani. Mzee Dhirendra alikuwa na duka la jumla la vifaa vya hospitali mjini Moshi. Alizaliwa Moshi, akazeekea Moshi, na katika maisha yake yote hajawahi kununua hata nyanya bila kuigeuza pande zote. Mkononi alishika kipeperushi cha rangi.

"Pumzi haikosei," alisoma taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto. "Kila kidole. Kila mahali. Kila siku." Akakikunja. "Binti yangu, maneno haya nimeyasoma jana, nimeyasoma leo njiani. Sasa nisomee namba."

Salvina alikitazama kidole cha shangazi yake Hilda. Kioo kilionyesha vistari viwili vitupu.

"Bado inatafuta, mzee."

"Inatafuta nini? Mama mwenyewe huyu hapa, mzima, anaimba tangu tumefika."

Wanawake wakacheka, na Shangazi Hilda akacheka kuliko wote, maana hakujua kilichokuwa kinaendelea. Salvina akahamia kwa aliyefuata. Vistari. Akahamia kwa wa tatu, mke wa mjomba wake, mwanamke mnene mwenye afya, aliyekuwa anatafuna muwa. Namba ikatokea, na Salvina akatamani isingetokea. Kwa namba ile mwanamke yule alitakiwa awe kwenye gari la wagonjwa.

Wazo la kufanyia onyesho pale lilikuwa la Primus, kaka yake, kama lilivyokuwa la Primus wazo la kipeperushi. Primus ni mtu wa maneno. Akikusimulia mbuzi wake alivyonona unajikuta umeanza kutafuta chumvi. Kesho yake binti yake Grace alikuwa anapata kipaimara, na wanawake walikuwa wamekusanyika tangu alfajiri kumenya ndizi za sherehe. "Watu wamekaa wenyewe, vidole vimejaa," alimwambia dada yake kwenye simu. "Unataka mzee aone wapi zaidi ya hapo?" Salvina akaona ni kweli.

"Ni betri, mzee," Primus alidakia sasa, akitabasamu kwa meno yote. "Hizi za majaribio betri zake huwa zinachoka. Tukienda Moshi nitakuonyesha nyingine."

Mzee Dhirendra hakumjibu Primus. Alimtazama Salvina. "Ni betri?"

Hapo ndipo penye hadithi yetu. Kusema ndiyo ilikuwa kazi ya pumzi moja. Mzee angerudi Moshi, Jumatatu vingebanwa vidole vingine, mambo yangekwenda. Na nyuma ya kiti cha mzee alikuwa amesimama Tushar, mwanawe wa pekee, mikono mfukoni, uso umempauka. Ni Tushar aliyemwambia Salvina maneno ya baba yake, neno kwa neno: aliyenidanganya kwenye karatasi atanidanganya na mezani kwangu. Kifaa kikiwa cha kweli, nitaweka fedha, na huyo msichana ataingia nyumbani kwangu kwa heshima zote. Kikiwa cha uongo, usinitajie jina lake tena. Siku ile Salvina alicheka akasema, basi ni rahisi.

"Si betri," alisema. "Nimezichaji mwenyewe jana."

"Basi ni nini?"

"Sijui, mzee."

Primus alifumba macho. Mzee Dhirendra alitikisa kichwa, si kwa hasira, kwa uchovu wa mtu aliyeuziwa maneno mengi katika maisha yake. Wakati huo Mama Primus, mama yao, alikuwa anakuja na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia.

"Nitakunywa chai ya mama, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu," mzee alisema. "Nikimaliza, naondoka. Tushar, uwe na funguo za gari karibu."

"Naomba muda huo huo wa chai," Salvina alisema, akageuka na kuondoka kabla sauti haijamsaliti.

Nyuma ya jiko kulikuwa na tangi la maji ya mvua, na nyuma ya tangi migomba ilisongamana kiasi kwamba mtu anaweza kulia asionekane. Salvina hakulia. Alikibana kibanio kwenye kidole chake mwenyewe. Tisini na sita. Akakibandua, akakibana tena. Tisini na sita. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Salvina."

Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya mnada wa ng'ombe. Hakugeuka.

"Rudi kwa baba yako, Tushar."

"Baba ana chai. Mimi sina kitu."

"Basi kakae na funguo zako."

Alimsikia akisogea, majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya viatu vyake vya mjini. Alikumbuka mara ya kwanza alipovisikia viatu hivyo. Tushar alitumwa na baba yake kukagua kama kampuni inayojisifu vile ipo kweli, akakuta kampuni ni msichana mmoja, meza moja na feni mbovu. Hakuuliza swali hata moja. Alivua koti, akaitengeneza feni, ndipo akajitambulisha.

"Nina jambo la kukwambia," Tushar alisema. "Ukilisikia utanichukia."

"Sema tu. Leo nina nafasi."

"Nilijua."

Salvina akageuka.

"Kwenye harusi ya binamu yangu," Tushar aliendelea, akitazama chini. "Mama alikuwa amepaka hina, mikono yote miwili, mpaka kwenye kucha. Nilitaka kujivunia kazi yako mbele ya wageni. Nikambana Pumzi kidoleni. Ikatoa vistari, hivi hivi vya leo. Baba aliona. Ndiyo maana amekuja na uso ule."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani ni ile moja tu ndiyo mbovu."

"Tushar."

"Sikudhani," alikiri. "Niliogopa. Wiki ile ulikuwa na furaha sana, umepigiwa simu na zahanati ya Mashati, ulikuwa unaimba ukifunga maboksi. Nikasema nitakwambia kesho. Kila kesho nikaisogeza mbele."

"Ulinionea huruma." Sauti ya Salvina ilikuwa ya chini, na waliomjua waliiogopa sauti hiyo kuliko kelele zake. "Umeniacha nije nisimame mbele ya baba yako na mama yangu na shangazi zangu wote, nikiwa nimefumba macho, kwa sababu ulinionea huruma. Wa kunionea huruma ninao. Ukoo mzima unanionea huruma, msichana ana miaka thelathini na moja anacheza na vibanio. Nilitaka mtu mmoja tu duniani wa kuniambia, Salvina, hapa umekosea."

Tushar aliinua macho. Yalikuwa mekundu pembeni, na hayakukimbia.

"Salvina, hapa nimekosea mimi," alisema. "Nilikuwa nalinda furaha yako kama vile ni yai. Nimesahau kwamba wewe ndiye uliyejenga vitu vyote hivi kwa mikono yako, na usingevunjika. Sitakuficha kitu tena. Hata kama kitakuuma. Hata kama baba ataondoka leo na usitake kuniona tena, nitakupigia simu kukwambia penye kosa."

Alimpenda. Hata katika hasira ile alimpenda, na jambo hilo lilimuudhi mno. Alitaka kumpiga ngumi ya kifua na alitaka kuegemea kifua hicho hicho, na kwa kuwa hakuweza kufanya yote mawili kwa pamoja, alifanya kitu alichokijua vizuri zaidi. Aliuliza maswali.

"Mama yako siku hiyo alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa ametoka kucheza, jasho linamtiririka."

"Mikono ilikuwa ya baridi?"

"Ya moto."

"Basi ni hina tu. Ni rangi." Kati ya migomba aliwaona wanawake uani wakimenya, visu vikienda bila kutazamwa, maganda ya kijani yakirundikana mpaka magotini. Aliitazama mikono yao kama vile hajawahi kuiona, yeye aliyelelewa nayo. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeikolea, mweusi kama lami, kwenye ncha za vidole, kwenye mikunjo, chini ya kucha na juu ya kucha. Taa nyekundu ingepitaje pale?

"Tushar. Miezi yote ile tulipokuwa tunapima watu pale kanisani. Tulipima siku gani?"

"Jumapili. Baada ya misa. Nilikuwa napanga foleni."

"Jumapili," Salvina alirudia.

Na hapo akajiona mtoto, Jumamosi jioni, amechuchumaa mlangoni mwa jiko akimshikia mama yake kibakuli. Kila mwanamke wa mteremko ule hufanya hivyo. Jumamosi jioni hujipaka mafuta ya kula mikononi, husugua kwa limau, husugua kwa majivu, mpaka utomvu wote wa wiki utoke, kwa sababu asubuhi ataunyosha mkono huo mbele ya padri apokee komunio, na hakuna mwanamke wa Rombo atakayempa padri kiganja cheusi. Salvina alijua hivyo tangu hajajua kusoma. Ndiyo maana hakuwahi kulifikiria. Hata hospitalini alikofanya kazi, akina mama walikuja wakiwa wamejisugua kwa adabu.

"Tumepima mikono ya Jumapili," alisema polepole. "Kwenye kipeperushi tukaandika, Kila siku."

"Na watu hawaugui Jumapili tu."

"Hawaugui Jumapili tu." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kona ya mdomo wake ikasogea. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakuwa nayo mpaka wiki ijayo. Kachume limau pale. Mimi nachukua mafuta jikoni."

Mzee Dhirendra alikuwa amefika nusu ya kikombe walipotokea. Salvina alikuja na beseni, Tushar na limau nne na mikono ya shati imekunjwa.

"Mzee, sijakuomba uniamini," Salvina alisema. "Naomba utazame tu. Shangazi, nipe mkono mmoja. Wa kulia. Wa kushoto usiuguse."

Shangazi Hilda aliunyosha mkono. Kabla Salvina hajainama, Tushar alishapiga magoti kwenye maganda ya ndizi, na suruali yake ya kitambaa kizuri, akauchukua mkono wa yule mama na kuupaka mafuta. Akausugua kidole kwa kidole, akapitisha limau chini ya kucha, akamwagia maji, akaanza tena. Visu vilisimama. Kina mama wa Mkuu walikuwa wameona mengi, lakini mtoto wa tajiri wa Moshi akiwa magotini anamsafisha Hilda utomvu walikuwa hawajaona. Mama Primus alisimama na sinia yake mkononi, asiseme kitu.

Na huyo mama alikuwa na ya kusema, si kwamba alikosa. Miezi miwili alikuwa na maswali yasiyokwisha. Kijana atabatizwa? Hagusi nyama, sasa siku ya posa atachinja nani, na kidari cha mbuzi anachopewa mama mkwe atakileta nani? Mtoto wa kwanza wa kiume akiitwa jina la babu yake kama desturi inavyotaka, yeye atamwita mjukuu wake Dhirendra mbele ya watu? Yote hayo alikuwa ameyapanga kichwani ayaseme baada ya chai.

Mkono ulipotakata, Salvina alibana Pumzi. Namba ikaja palepale, tisini na sita, ikatulia. Akahamishia mkono wa kushoto, mweusi. Vistari.

"Ni utomvu," alisema. "Vipimo vyetu vyote tulivifanya Jumapili, kina mama wakiwa wamejisugua kwa ajili ya misa. Siku za kazi kifaa hiki kinashindwa kwenye mikono hii. Kipeperushi kimesema uongo."

"Baba," Tushar alisema, bado yuko magotini, "ile uliyokuja nayo kwenye mkoba. Ile tunayowauzia hospitali kubwa. Ijaribu kwenye mkono wa kushoto."

Mzee alisita, akafungua mkoba. Kilikuwa kifaa cha kutoka nje, kizito, kimefungwa kwenye kiboksi chake. Alikibana mwenyewe. Kikatafuta, kikatafuta, kisha kikaandika namba ya mtu mahututi. Shangazi Hilda aliisoma, akasema kwamba kama ndiyo anakufa basi wamletee na yeye chai kwanza. Uwanja ukaangua kicheko.

Primus aliruka. "Umeona mzee? Hata ya Ulaya. Sasa sisi kosa letu..."

"Primus, nyamaza," Salvina alisema. "Ya mzee kushindwa hakuifanyi yetu ishinde. Mama akianguka hapa kihambani kesho kutwa, atafaidika nini akiambiwa vifaa viwili vimekosea badala ya kimoja?"

Mzee Dhirendra, aliyekuwa anakirudisha kifaa chake mkobani, alisimamisha mkono. Alimtazama yule msichana kama anavyoitazama nyanya iliyomshangaza.

"Endelea," alisema.

Salvina alikwishakuwa anafungua boksi lingine. Humo mlikuwa na Pumzi ndogo, aliyoitengeneza ya kubana mguu wa mtoto mchanga, laini na nyembamba. Moyo ulikuwa unampiga mpaka masikioni, na labda ndiyo masikio yaliyompa jibu, au labda ni zile hereni za Shangazi Hilda zilizokuwa zinang'aa. Sehemu gani ya mwili wa mwanamke huyu hamenyei ndizi?

"Shangazi, vua hereni."

Akambana kwenye ndewe ya sikio. Taa ndogo ikawaka nyekundu, ikapenya. Salvina hakuvuta pumzi. Kioo kikakaa kitupu, kikakaa kitupu, kisha kikaandika.

Tisini na sita.

"Mzee, kibane cha kwako kwenye kile kidole kilichooshwa," Salvina alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imara. "Ulinganishe."

Mzee akabana. Tisini na sita.

Aliweka mwavuli chini, akainuka, akaenda mwenyewe kwenye duara la kina mama. Alichagua mwenye mikono myeusi kupita wote, akaonyesha. Salvina akabana sikioni, Tushar akaosha kidole, namba zikafanana. Akachagua bibi mmoja mkongwe mwenye masikio yaliyokunjamana. Hapo kifaa kilichukua muda, na Salvina hakujificha, alilisugua lile sikio kwa vidole vyake mpaka likapata joto, akabana tena, kikasoma. Kina mama walianza kugombania zamu. Hereni zilivuliwa, vilemba vikasogezwa. Mke wa mjomba, yule wa muwa, aliyekuwa mahututi asubuhi, alipona papo hapo, akapigiwa makofi.

"Sasa nina swali," mzee alisema, na makelele yakashuka. "Ni swali moja. Hiki kinashindwa wapi?"

Primus alifungua mdomo. Dada yake akamtazama, akaufunga.

"Kwenye sikio la baridi sana kinachelewa, umeona mwenyewe," Salvina alijibu. "Mtoto akipiga mateke kinaruka namba. Kwenye kidole chenye utomvu au hina hakifai kabisa, na ndivyo nitakavyoandika. Kwa sikio nimejaribu leo kwa mara ya kwanza, mbele yako, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu mpaka nipime watu wengi, Jumatatu mpaka Jumamosi, wakitoka shambani. Huenda kuna mengine sijayajua bado."

"Na haya?" Mzee aliinua kipeperushi. "Yapo mangapi?"

"Boksi zima, mzee."

"Utayafanyia nini?"

Salvina alikwenda kwenye gari la kaka yake, akatoka na boksi kifuani, akalipeleka mpaka kwenye mafiga ambapo moto wa sufuria kubwa ulikuwa unasinzia. Akaingiza fungu la kwanza chini ya kuni. Karatasi zile nzuri ziliwaka kwa rangi zote.

"Angalau zinawasha moto vizuri," Primus alisema kwa huzuni, na hata mzee akacheka.

Alicheka kidogo tu, kisha akarudi kukaa kitini, akafuta miwani yake kwa leso, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimefanya biashara hii tangu sijaota ndevu," alisema. "Kila siku mtu anakuja kuniambia kitu chake hakishindwi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujibu lile swali. Wote huniambia, mzee, hiki hakina shida. Binti yangu, nitaweka fedha. Upime kwanza, uandike upya, uandike na penye kushindwa, herufi kubwa. Mawakala wangu wote watalibeba jina lako."

Salvina aliinamisha kichwa kushukuru, na vigelegele vya kina mama vikamfunika, vikapanda juu ya migomba, na furaha ikampanda tangu miguuni mpaka akahisi haimtoshi mwilini.

"Bado kuna la pili." Mzee alimgeukia mwanawe. "Wewe ulijua kosa lilipo. Mimi niliona mkono wa mama yako, na wewe ulikuwepo. Hukumwambia?"

"Sikumwambia, Baba."

"Kwa nini?"

Tushar alisimama. Magoti yake yalikuwa na madoa ya kijani, vidole vinanuka limau. Mbele yake walikuwapo wanawake wote wale, na mama mkwe ambaye bado hakuwa mama mkwe.

"Kwa sababu nampenda, nikaogopa, nikafanya ujinga," alisema kwa Kiswahili cha kueleweka mpaka kwa bibi mkongwe. "Ameshanisema. Nampenda bado, na sitaki kuoa mwingine, Baba. Hata kama asingepata namba leo, ningerudi kukwambia hivi hivi."

Salvina alihisi masikio yake yote mawili yamepata joto la kutosha kusomeka. Hakuangalia chini. Alimtazama Tushar mbele za watu wote, wazi, bila kujificha, na kama kulikuwa na hasira iliyobaki ya wiki nzima, ilikuwa imepungua ikawa ya siku moja.

Mzee Dhirendra aligeuka, si kwa mwanawe wala kwa Salvina, bali kwa mwanamke aliyesimama na sinia tangu muda ule. Alijua mila za watu aliozaliwa kati yao. Alijua neno lililobaki halikuwa lake.

Mama Primus hakuwa na haraka. Alimtazama kijana kuanzia madoa ya magotini mpaka kwenye nywele. Alimtazama binti yake, ambaye tangu amezaliwa hakuwahi kumwona na uso ule. Yale maswali yake yote yalikuwa pale pale, hakuna hata moja lililojibiwa. Alimpa Hilda sinia aishike, akafuta mikono yake kwenye kanga, akaenda mpaka mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Hapa nje jua limekuwa kali," alisema. "Na chai ile imepoa. Ndani nimepika kiburu, ni ndizi na maharage, hakijaguswa na nyama wala mafuta yake. Nilikiweka pembeni tangu asubuhi, nikasema, labda." Akanyosha mkono kuelekea mlango wa nyumba kubwa, ambao miezi yote ile haukuwahi kufunguliwa kwa Tushar, aliyekuwa akiishia barazani. "Karibu ndani, mzazi mwenzangu."

Hakuna kisu kilichogusa ndizi. Neno hilo haliazimwi. Mama wa Kirombo humwita hivyo mzazi wa kijana aliyekubali kumwoza binti yake, na akishalitamka mbele ya ukoo hakuna wa kulirudisha. Tushar, aliyekuwa bado anasubiri kuhukumiwa, alimwona Salvina akijifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakipita kati ya vidole, asijue kwa nini.

Mzee Dhirendra alijua. Aliinuka, akauchukua ule mkono ulionyoshwa, mweusi kwa utomvu, kwa mikono yake yote miwili.

"Asante," alisema. "Nakuja, mzazi mwenzangu."